Chumba cha Makosa

Mkuu wa idara alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Makosa wasiwasi. Wakubwa wenye habari njema huita watu ofisini kwao. Ukiona mkubwa kaja kwa miguu yake, tena anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi, jua pana jambo. Alisimama katikati ya makabati, kijana mrefu mwenye suti iliyomkaa, akamsifu Mama kwa usafi wa chumba, akamsifu tena, na baada ya kumsifu mara ya tatu ndipo akalitoa. Chumba kinahitajika. Kompyuta mpya zinakuja na hazina pa kukaa. Michoro ya wanafunzi iliyopata alama za juu itapigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta, na iliyobaki itapelekwa kiwandani ikasagwe kuwa karatasi mpya. Kikao cha kupitisha jambo hilo ni Ijumaa ya wiki ijayo.

"Na kadi?" Mama Makosa aliuliza.

Mkuu hakujua kadi gani. Hapo Mama akaelewa kwamba maji yamefika shingoni.

Sasa, mtu asiyejua angemwona Mkuu ana haki. Chumba kilikuwa na makabati ishirini na mawili ya chuma, yenye droo pana za kulaza michoro, na hakuna droo hata moja iliyoandikwa mwaka au jina la mtu. Ziliandikwa hivi: Milango Inayogombana. Ngazi Zinazogonga Kichwa. Jiko Lisilo na Pumzi. Choo Kinachotazama Wageni. Paa Litavuja Hapa. Na ile ya chini kabisa, pembeni, iliyojaa hadi haifungiki vizuri: Mungu Amsaidie.

Hiyo ilikuwa kazi ya Profesa, aliyefundisha usanifu majengo hapo miaka thelathini na zaidi kabla ya kustaafu. Vyuo vingine huhifadhi kazi bora za wanafunzi na kuzitundika ukutani ili wageni wazione. Profesa alisema hiyo ni sawa na mtu kuhifadhi picha za harusi tu halafu aseme anaijua ndoa. Yeye alihifadhi yaliyoharibika. Na aliweka sharti: hakuna mwanafunzi atakayetiwa sahihi ya kumaliza chuo mpaka alete kwa mkono wake mchoro uliomwaibisha kuliko yote, asimame mbele ya meza, aseme kwa kinywa chake alikosea nini. Maneno yake yanaandikwa kwenye kadi kama alivyoyasema, kadi inabanwa kwenye mchoro, mchoro unaingia droo yake. Wanafunzi waliiita siku ya kuungama. Walikuja wamenyoosha nguo, wengine wanatetemeka, wengine wamejiandaa kudanganya. Mficha uchi hazai, Profesa aliwaambia, na kijana atakayeficha kosa lake kwenye karatasi atakuja kulificha kwenye zege, na zege halifutiki.

Aliyekaa kwenye meza ile na kuandika kadi, miaka ishirini na sita, ni mama huyuhuyu. Ndiyo maana wakampa jina hilo, na sasa hata mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, humwita hivyo akitaka chai. Chuoni aliingia kama mfagiaji. Darasa lake la mwisho lilikuwa la saba. Jioni moja alikuwa anafagia ukumbi wa kuchorea, Profesa yuko peke yake amejiinamia juu ya mchoro wa nyumba, na Mama alipopita na ufagio akatupa jicho. Akasita. Akauliza, kwa adabu zake zote, kama huyu mwenye nyumba akitoka kuoga atakuwa anapita na taulo mbele ya wageni. Profesa akautazama mchoro, akamtazama yeye, akacheka mpaka akavuta kiti. Walimu watatu walikuwa wameshautia sahihi. Mwezi uliofuata ufagio ukapata mwenyewe mwingine, na Mama akapewa funguo za chumba.

Profesa alikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kadibodi alivyovikata kwa wembe, kila kimoja kwa kipimo kilekile cha michoro: kitanda, sofa, friji, baiskeli, mama mjamzito mwenye ndoo, na jeneza. Mwanafunzi akishamaliza kueleza jengo lake kwa maneno makubwa, Profesa hufungua kopo, huchagua kipande, na kukisukuma taratibu kwa kidole juu ya mchoro, mlangoni, koridoni, kwenye ngazi. Darasa zima hushika pumzi. Jamani, wapo waliokimbia. Kuna mmoja aliambiwa nyumba yake ni nzuri sana ila jeneza halitoki, kwa hiyo itabidi watu wake waishi milele.

Basi Mkuu alipoondoka, Mama alikaa kitako kwenye kiti chake na roho ikamuuma. Kuhamishwa hakukumtisha, aliambiwa atapelekwa stoo ya sabuni na brashi, na brashi hazijawahi kumshinda. Kilichomuuma ni kadi. Watu walikuwa wamemwambia mambo wasiyowaambia mama zao. Walisimama pale na aibu yao, wakamkabidhi, wakatoka wepesi. Leo aende akaisage kwa kilo? Alilia kidogo, akajipangusa, akapiga moyo konde, na kesho yake asubuhi akapanda ghorofani kwa Mkuu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Yeye alisomea kwingine, kwenye chuo cha picha za ukutani, na chumba kile alikiona kama makaburi ya karatasi. Alimkaribisha Mama, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo la haki.

"Mama, nionyeshe jengo moja. Moja tu, limesimama hapa mjini, lililokuwa bora kwa sababu ya kadi zako. Ukinionyesha, kompyuta zitatafuta pengine."

Mama alitoka mle anajiona kashashinda. Jengo moja tu! Wanafunzi wake wamejenga nusu ya mji. Siku hiyohiyo alianza kupiga simu, kutoka kadi ya kwanza. Wa kwanza alifurahi kumsikia, akauliza hali ya Profesa, ila kosa lake hakulikumbuka. Wa pili aliapa hakuwahi kukosea, na Mama alikuwa ameishika kadi yake mkononi wakati huo, amejibana asicheke. Wa tatu alikuwa mwenye maneno. Huyu tangu chuoni walimwita Redio. Akamwambia Mama asihangaike, dawa anayo yeye: maghorofa yake mapya kumi na mawili yapo mtaa wa tatu tu kutoka chuoni, na kila siku alipokuwa anayachora alikuwa anaikumbuka kadi yake. Droo ya Choo Kinachotazama Wageni, si unakumbuka, Mama?

Mama akaenda mbio. Mlinzi akamfungulia ghorofa moja isiyopata mpangaji bado. Akaingia sebuleni, sebule pana, ina mwanga, imependeza. Akageuka kulia. Mlango wa choo huo hapo, unatazamana na makochi uso kwa uso. Akapanda ya pili: vilevile. Ya tatu: vilevile. Redio alikuwa ameungama kosa lake vizuri sana, halafu akaenda kulijenga mara kumi na mbili.

Jioni hiyo alipomsimulia mume wake, mzee alicheka mpaka machozi, kisha alipoona mwenzake hacheki akanyamaza na kumsogezea chai. Akamwambia, kosa moja haliachi mke, sembuse Redio mmoja aue makabati ishirini na mawili. Mama akamjibu kwamba kosa la Redio si moja, ni vyoo kumi na viwili, na kila kimoja kina sinki. Lakini moyoni alikuwa amekufa ganzi. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Mkuu hakuwa na haki. Labda watu huungama ili wapate sahihi, wakitoka mlangoni wameshasahau, na yeye miaka yote hiyo alikuwa anaandika maneno ya upepo.

Jumapili akaenda kwa Profesa. Mzee siku hizi anafuga kuku, na banda lao amelichora mara tano, na bado mlango wake unagonga chombo cha chakula. Kosa hilo Mama aliliona kabla hajaketi, akanyamaza kwa heshima, lakini Profesa akamwona alivyoangalia. Akasema anajua, anajua, aandikiwe kadi. Wakacheka. Kisha Mama akamweleza yote, pamoja na Redio, na mzee akawa anachora kwa kidole mezani kama kawaida yake akifikiri. Alimwambia anakosea anapowauliza wachoraji. Mchoraji atakwambia anachokumbuka, na anachokumbuka ni sifa zake. Wala asitafute jengo zuri. Atafute mahali ambapo mtu hapati shida, kisha amuulize huyo mtu.

Mama alirudi nyumbani na kopo la biskuti mkobani, maana mzee alisema kuku hawana haja nalo.

Jumatatu hakupiga simu kwa mtu. Alifungua droo ya Kitanda Hakipiti na kutoa mchoro mmoja anaoujua. Ni wa msichana waliyekuwa wakimwita Kifutio, kwa sababu alikuwa anafuta na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Alichora hospitali. Ilikuwa na bustani katikati, madirisha marefu, kila mtu akaisifu. Profesa akatoa kitanda kwenye kopo, akakisukuma kwenye korido ya wodi, na kwenye kona kikakwama. Akakigeuza, kikakwama. Korido ilikuwa na upana wa mita moja na robo, kitanda urefu wa mita mbili na ushee; hata malaika asingekipitisha. Kifutio alilia mbele ya darasa. Siku ya kuungama alikuja na macho makavu na kadi yake ilikuwa fupi kuliko zote: "Nilimfikiria anayetembea. Sikumfikiria aliyelala."

Na Mama alikuwa amesikia kwamba jengo jipya la wodi, katika hospitali kubwa ya mji, lilichorwa na huyo Kifutio. Lilifunguliwa miaka minne iliyopita. Hajawahi kuingia, kwa kuwa nyumbani kwake, namshukuru Mungu kwa niaba yake, hakuna aliyelazwa.

Basi akaenda, akapanda mpaka ghorofa ya pili, akakuta korido mbili zinakutana, na kwenye kona kuna benchi la wageni. Akakaa. Saa tatu asubuhi. Kitanda cha kwanza kilipita na bibi aliyelala usingizi wa kweli. Kilifika kwenye kona, kikageuka, kikaenda. Ndiyo hivyo tu. Cha pili kikapita. Cha tatu kilikuwa na chupa ya dripu juu na watu wawili wanaongea habari za mpira, na hata hawakupunguza maongezi. Kona yenyewe haikuwa kona hasa, ilikuwa imekatwa mshazari, na korido ilikuwa pana, na Mama alipoipima kwa hatua zake alipata mbili na nusu ndefu. Sista wa wodi akamjia na kumuuliza kwa upole anamsubiri nani. Mama akajibu kwamba anasubiri vitanda. Sista akamtazama, akaenda, akarudi na maji ya kunywa, akampima mapigo ya moyo.

Hata hivyo ndiyo ilikuwa bahati, kwa sababu sista alipoelewa shida yake alimwita msukuma vitanda, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya kubebea magunia. Mama akamuuliza kama hii kona inamsumbua. Kona gani? Hii hapa. Yule bwana akaiangalia kona kama mtu anayetambulishwa kwa jirani aliyeishi naye miaka minne bila kumjua jina. Akafikiri. Kisha akanyoosha mikono yake miwili, na kwenye vifundo vya vidole vyote palikuwa na makovu meupe.

Siku ya Ijumaa kikao kilikuwa na walimu wanane. Mama Makosa aliingia na mchoro, kadi, kopo, na msukuma vitanda aliyevaa shati la kutokea. Alitandika mchoro mezani. Akamwomba Mkuu mwenyewe achukue kitanda cha kadibodi akipitishe. Mkuu akatabasamu, akasukuma, kikakwama. Akakigeuza, kikakwama. Walimu waliofundishwa na Profesa waliinamisha vichwa, kila mmoja akikumbuka siku yake. Kisha Mama akampisha mgeni wake, na yule bwana, ambaye hajawahi kuzungumza kwenye kikao maishani mwake, alinyoosha mikono kama alivyofanya siku ile.

"Haya ni ya wodi ya zamani," alisema. "Kila kona ilikuwa inachukua ngozi yangu, na mgonjwa analia kwa mtikisiko. Miaka kumi na moja. Kwenye jengo jipya sijaumia hata mara moja, na nawaambia kweli, sikujua kama kuna mtu alinifikiria."

Lakini mwalimu mmoja, mtu wa hesabu za nguzo, akasema jambo ambalo lazima angesema mtu: kona pana hata kitabu kinaagiza. Tutajuaje kwamba imetokana na kadi? Wote wakamgeukia Mama. Na Mama, ambaye angeweza kupamba, hakupamba. Alisema hajui.

Mkuu ndiye aliyesema tumpigie aliyechora. Namba ilikuwepo nyuma ya kadi. Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa wote wasikie, ikaita mpaka watu wakaanza kukohoa, ndipo mwanamke akapokea. Mkuu akajitambulisha, akamuuliza tu swali kavu, kona ya ghorofa ya pili ilikatwa mshazari kwa sababu gani.

"Kimekwama?" Kifutio aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana yuleyule wa mbele ya darasa. "Niambieni tu. Kimekwama kitanda?"

Mkuu akamwambia hapana, hakijakwama. Hapo maneno yakamtoka kwa fujo. Alisema ofisini kwao walikuwa wamechora upana ule wa kitabu, unatosha, na bosi wake alishatia sahihi. Yeye akarudi usiku mmoja, mwingine, akakata kadibodi, akasukuma, kikapita, na bado hakuamini. Akaongeza upana, akakata kona, bosi akafoka, akamwambia nifukuze lakini kona sirudishi. Na tangu jengo lifunguliwe hajakanyaga mle ndani. Akipita barabara ile hugeuza uso. Anaogopa ataingia akute watu wamekwama na mgonjwa, kila mtu anauliza ni nani aliyechora.

"Mwanangu," Mama Makosa alisema, akainamia simu, "nilikaa pale siku nzima. Nilihesabu thelathini na nne. Vyote vimepita."

Walichosikia ni Kifutio analia mbali na simu, na mwalimu wa hesabu za nguzo akatoa kitambaa akasafisha miwani ambayo haikuwa chafu. Mkuu alifunga faili lake. Alisema kompyuta zitakaa ukumbi wa chini, ule wenye viti vibovu, na kwamba mwakani wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataanzia kwa Mama kabla hawajashika rula. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu aliyesomea kwingine anaruhusiwa kuungama.

Jumamosi wakaenda wote hospitalini. Sista aliwapa dakika kumi na kitanda kitupu kilichotoka kuoshwa, na sharti la kutopiga kelele. Kifutio alikuja amevaa viatu vizuri na miguu haitaki kusogea. Ilibidi Mama amshike mkono tangu mlango wa mbele, kama anampeleka mtoto kudungwa sindano. Kitanda kitupu hakithibitishi kitu, msukuma vitanda akasema, kinataka uzito. Wakaangaliana. Mkuu wa idara akavua viatu vyake, akapanda, akajilaza na suti yake, na kwa urefu ule nyayo zikachungulia nje ya kitanda. Wagonjwa wawili waliokuwa wakitembea walisimama kumpa pole.

Msukuma vitanda akamwachia Kifutio mpini wa kichwani, yeye akashika wa miguuni. Wakaenda. Kwenye kona Kifutio alifumba macho, akaendelea kusukuma, na alipoyafumbua walikuwa korido ya pili, na Mkuu anaangalia dari kwa utulivu wa mgonjwa aliyekubali yote. Hapakuwa na mgongano, wala mtikisiko. Kifutio akaangalia vidole vyake, akaangalia ukuta, akamwangalia yule bwana mwenye makovu.

"Turudie," akasema.

Wakarudi mwanzo wa korido wakapita tena, na tena, mpaka sista akaja kudai kitanda chake.